Kichupa Cheupe cha Fundi wa Cherehani

Wasomaji wangu, yule fundi wa cherehani aliyekuwa na kibanda karibu na njia ya Kingamyambo amefariki. Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi akiwa anafunga viatu, na habari nililetewa na mama muuza mkate kabla hata sijanawa uso. Wengi wenu mnamjua bila kujua kwamba mnamjua, kwa sababu mlimcheka katika ukurasa huu huu. Na aliyewachekesha ni mimi. Leo naandika nikiwa na aibu, na naomba mnivumilie, maana sijazoea kuandika bila utani.

Kabla ya kugeukia cherehani alikuwa fundi wa reli kule Tenke. Mimi nilipita kibandani kwake karibu kila siku kuomba kiberiti, tukavuta sigara zetu tukiyalaani malori ya shaba yanayotuachia vumbi mpaka ndani ya vikombe. Siku moja nikaomba kiberiti, akaniambia hana tena. Miaka mingi alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, hilo aliniambia mwenyewe, na dawa zake alizimeza bila kukosa hata siku moja. Muuguzi alikuwa amemkalisha chini na kumweleza wazi kwamba dawa zimekilaza kirusi, lakini mapafu na moyo anaviharibu mwenyewe kwa sigara. "SIDA ilishindwa kuniua, tata," aliniambia akicheka, akiniita baba kwa heshima kama kawaida yake. "Sasa nikufe na tumbako? Ile ni bupumbafu!"

Njia aliyoipata ya kuacha aliibuni mwenyewe. Alichukua sigara yake ya mwisho, akaitia ndani ya kichupa cheupe cha dawa zake kilichobaki kitupu, akafunga kifuniko. Kila asubuhi alipomeza kidonge kutoka kichupa kipya, alikitikisa kile cha zamani, akaisikia sigara ikigonga mle ndani, akaiambia: "Uko mule? Bakia mule." Ikamsaidia. Akaanza kuwafundisha wenzake, watu sita waliokuja kuchukua dawa kituo cha afya siku ya Alhamisi, wakikaa kwenye benchi moja nje ya dirisha la dawa, kila mmoja na kichupa chake. Mmoja wao alikuwa mchimbaji, baba wa familia, aliyeamini kama wengi wa mashimoni kwamba moshi unasafisha vumbi kifuani. Fundi alimwambia: "Vumbi na moshi ni bandugu. Haumufukuze muntu kwa kumuletea ndugu yake." Yule mchimbaji akacheka, na wiki ile ile akatia sigara yake kichupani.

Basi mimi, siku moja nikikosa cha kuandika, nikaandika hayo. Sikutaja jina, kama kawaida yangu. Niliandika kwamba kuna mzee mwenye kofia ya kijani ambaye amefungulia sigara gereza, kichupa cheupe cha dawa, na kila asubuhi anakitikisa kumsalimu mfungwa. Nikaongeza kwamba Alhamisi anakaa kwenye benchi na wakuu wenzake wa magereza. Lo, mlicheka! Hata mtu wa kunyoa nywele alinisomea mistari yangu mwenyewe huku machozi ya kicheko yakimtoka. Ugonjwa sikuutaja. Lakini Kolwezi hii, ni nyumba gani isiyo na ndugu, shemeji au jirani anayeweka kichupa kama kile nyuma ya sahani kabatini? Kila aliyesoma alielewa. Na msiniambie kwamba sikufikiria. Nilifikiria, kalamu ikasimama kidogo, kisha nikaona utani ni mtamu mno kuutupa.

Alhamisi iliyofuata walikuja benchini wawili tu. Iliyofuata tena, fundi alikaa peke yake. Siku ile alikuja nyumbani kwangu, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti. "Nilisoma gazeti yako, tata. Jina yangu ulificha, aksanti. Lakini juu ya nini haukuificha chupa?" Nikamjibu kwa haraka ya mtu mwenye kosa: "Lakini sikutaja jina la mtu." Kisha, badala ya kunitukana, akaniomba jambo moja. "We unavutaka sigara, na ile ugonjwa hauna. Kuya Alhamisi, ukae na siye pa benchi. Bantu bakikuona, batasema ile benchi ni ya benye kuacha tumbako, basi. Benzangu batarudia." Lilikuwa ombi la saa moja tu kwa wiki. Nikasema Alhamisi nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote. Niliogopa kwamba watu wakiniona pale watasema na mimi ninameza vile vidonge.

Hakurudi kuniomba. Yaliyofuata nimeyajua juzi tu, kutoka kwa mjane wake. Marehemu alifunga sanduku lake la vifaa kwenye baiskeli akawa anazunguka nyumba za wale sita, mmoja mmoja, eti anakwenda kutengeneza cherehani. Katika nyumba zile, cherehani ilikuwepo moja tu. Mahali pengine alifungua sanduku, akagonga gonga nyundo ili majirani wasikie, huku akimuuliza mwenye nyumba kama kichupa bado kimefungwa. Watano aliwashika hivyo. Yule mchimbaji alikuwa amekwisha kuvunja chake, na hata mlango hakumfungulia tena.

Nilikwenda kwenye kilio. Kwetu mnajua, wanaume wakikaa nje, sahani ya sigara lazima ipite. Safari hii ilipita sahani ya karanga. Marehemu alikuwa ameagiza hivyo tangu akiwa mzima, na wajomba walinung'unika, lakini mjane alikaza. Mimi, mwenye mdomo mrefu wa gazeti, nikaenda kujificha nyuma ya lori la viti kuvuta yangu. Mtoto wa kike wa marehemu akanikuta pale, akasema mama yake ananiita. Mjane alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake. Akanipa kichupa cheupe, kitupu, kifuniko wazi. "Alikuwekea hii," alisema. "Alisema we utachelewa, lakini utakuya." Nikamuuliza kama ninaweza kuandika. "Andika," akasema. "Ila safari hii andika na yako."

Yangu ndiyo haya. Mji wetu umejaa watu waliotoka mbali, kutoka Sandoa na pengine kote, wanaojuana kwa sura kuliko kwa majina, lakini sisi waandishi tunadhani kwamba mtu ni jina tu, ukilificha umemficha. Kumbe mtu ni kofia yake, ni benchi analokalia, ni kichupa chake. Nilitunza jina la rafiki yangu na nikagawa vingine vyote. Na aliponionyesha jinsi ya kurekebisha, kwa kukaa tu, nikakataa.

Nilipotoka kilioni nilitia sigara yangu ya mwisho katika kile kichupa na kukiweka mezani, hapa ninapoandikia. Jana jirani yangu aliingia kuazima koleo. Akakiona. Akanitazama, akatazama chini. Na mimi, kabla hajafungua mdomo, nikaropoka: "Si yangu, ni ya mtu." Fundi hana hata siku saba kaburini, na mimi nimemkana tena kwa ajili ya koleo! Jirani alitoka, mimi nikabaki nikikitazama kichupa, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Basi, jirani, wewe husoma ukurasa huu, soma na hapa. Alhamisi nitakuwa pale nje ya dirisha la dawa, kwenye benchi, na sitamweleza mtu yeyote kwa nini. Kile kichupa ni changu.