Tango la Bibi kwenye Harusi ya Salma

Mpaka leo nikipita mtaa wa Khuwair huku Uarabuni mbele ya ule ukumbi nageuza uso upande wa pili, na nyinyi chekeni tu, mie nishazoea.

Mdogo wangu Salma alikuwa anaolewa, nami kwa kiherehere changu (hakuna aliyeniomba) nikasema nyimbo za siku hizi zimechosha, biharusi ataingia ukumbini kwa tango la bibi yetu, ule muziki wa Kihispania wa kudansia. Santuri ile Bibi alikuja nayo kutoka Unguja, na kila harusi ya nyumbani akiipiga huku akiimba maneno yake mwenyewe, "njoo mwari, njoo uvishwe dhahabu," basi sote tumekua tukijua ni wimbo wa harusi. Santuri imekwaruzika, nikautafuta kwenye simu, nikaupata, nikausikiliza nimefumba macho kwa raha. Laiti ningeyafumbua!

Siku yenyewe nikaunganisha simu na skrini kubwa ya ukumbi. Salma akatokea mlangoni, vigelegele vikapaa, halafu vikafifia kimoja kimoja, nikageuka kutazama. Kumbe ile ni video, na chini yake mtu kaweka tafsiri ya Kiarabu, herufi kubwa nyeupe: kisa kimetoka kwenye riwaya, binti anakohoa damu, mpenzi wake anamsihi asife, na binti anakufa. Na ukumbi mzima unasoma! Mama mkwe wa Salma (mwanamke anayeogopa nuksi, hata chafya mbele ya maharusi haitaki) akasimama, mkono kifuani.

"Audhubillahi! Mwanangu anaozwa maiti?"

Nikaona ndoa ya mdogo wangu inavunjika mbele ya birika za kahawa, na mvunjaji ni mie. Nikakimbia kuchomoa waya wa skrini, nikachomoa na wa taa. Giza totoro, muziki unaendelea, na ndani ya giza nikamsikia Bibi kwenye kiti chake cha mbele, sauti yake ile ile ya kukwaruza: "Njoo mwari, njoo uvishwe dhahabu..."

Sauti ya pili ikampokea. Taa ziliporudi, alikuwa mama mkwe, machozi yanamtoka.

"Hiyo ndo niloolewa nayo mie Unguja! Sasa nani kaiandikia mambo ya kufa?"

Alhamdulillahi, nilikaa chini pale pale sakafuni, gauni la kukodi na yote.

Juzi Salma kajifungua, na mama mkwe kanipigia mwenyewe: "Kwenye arubaini tuletee ile ya mwari. Ila skrini usiiguse."

Siigusi, wallahi.