Kengele ya Subira

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala nilipotoka chuo kikuu na kupewa ukarani mjini Kasongo, Kongo. Nyumba tatu zilinikataa kwa sababu ya Subira, mbwa wangu wa kuwinda kutoka kijijini kwetu Wamaza. Ya nne ilikuwa ya Mama Zaituni, Mwislamu mshika dini, na kwake mbwa ni najisi.

Sikumwambia. Mbwa wa kwetu hawabweki. Porini tunawafuata kwa kengele ya mti shingoni. Kumvua Subira kengele niliona ni kumvunjia heshima, basi nikaiziba kwa majani, kama wawindaji wafanyavyo njiani, nikamficha chumbani. Msomi mzima, nikajiona mwerevu.

Ijumaa moja, Mama Zaituni akiwa uani na wageni, majani yakadondoka na kengele ikalia. Kwa Subira hiyo ndiyo amri ya kuwinda. Akaruka dirishani, akamdaka jogoo wa Mama; nami nikamkimbilia uani.

“Bwana karani, hii mbwa iko ya nani?”

“Sijui, Mama.”

Subira akaja, akamlaza jogoo miguuni pangu.

“Mbwa ya bure kabisa! Haina mafundisho!”

Hapo nikashindwa kujizuia. “Haina mafundisho? Angalia jogoo, Mama, iko muzima, hata damu hakuna! Nilimufundisha mimi mwenyewe!”