Bakuli Lililotoka Safi

Wengi wenu hamkumwahi Getruda wa Mkolani, mchoma chokaa. Basi sogeeni.

Aliokota magamba ya konokono ufukweni, akayachoma mpaka yawe chokaa. Uani kwake yalitambaa maua ya zambarau. Juisi yake ukiitia majivu au chokaa hugeuka kijani. Ukiifukiza moshi wa salfa, huwa nyekundu. Kwa hiyo Getruda aligawa vyote vinavyotokana na moto: ukoo wa majivu na ukoo wa moshi.

"Wakikutana," alisema, "wanamalizana."

Mumewe, Chenge, alichimba visima. Humo chini hujikusanya hewa nzito ya ukoo wa moshi, haionekani wala hainuki, na inaua. Kabla mumewe hajashuka, Getruda aliteremsha bakuli la maji ya chokaa, maangavu. Yakirudi meupe kama maziwa, hakuna kushuka.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, kabla ya vita ya pili, Chenge aliugua homa. Alipopata nafuu, Getruda alikuwa ziwani. Chenge hakungoja. Alichota maji ya chokaa kwenye mtungi uliokaa wazi muda wote wa homa, akavunja utando mweupe juu yake, akateremsha bakuli. Likarudi safi.

Getruda alirudi na kikapu, akamkuta jirani yao Maige kwenye kisima kilichokuwa kando ya ua wao, ameshika kamba.

"Shemeji, usihofu. Bakuli limetoka safi."

"Maji ya mtungi upi?"

"Ule wa mlangoni."

Getruda akatua kikapu. Akachuma ua, akalifikicha katika maji yale. Likabaki zambarau. Hewa ilikwisha kuimaliza chokaa yake. Maji yale yasingeonyesha kitu chochote.

"Baba Tereza! Panda!"

"Mama Tereza, umeshaanza kelele?" sauti ikatoka chini. "Huku baridi... kama kwa... mama mkwe."

Maige akacheka. Getruda alisikia jinsi maneno yalivyoburutwa, kama ya mlevi.

"Vuta!"

Katikati kamba ikawa nzito ghafla. Chenge alifika juu midomo imepauka, kichwa kinaning'inia. Walimpepea mpaka akakohoa.

Getruda akatengeneza maji mapya ya chokaa. Akapiga magoti, akaliteremsha bakuli urefu wa mkono tu. Likarudi jeupe. Hewa ile nzito ilikuwa imepanda hadi karibu na ukingo, na ikifurika hutambaa chini kama maji.

Akatazama ukingo wa kisima, kisha uani, alikokuwa akicheza binti yao.

"Tereza," aliita polepole, "njoo huku kwangu. Usikimbie. Usiiname."