Jeki za Kimarekani Uani Kwetu

Jeki ya tatu ilipofika nilikuwa nafua, na niliposikia magurudumu ya chuma yakikwaruza saruji ya uani nilijua ni nini kabla sijageuka. Nikaacha shati ndani ya beseni. Mume wangu alikuwa anaivuta kwa mpini wake mrefu, kainama, jasho linamtiririka, na nyuma yake jirani mwenye pikapu alikuwa anajizuia kucheka.

"Ingine tena, papa?" nikamuuliza mume wangu.

"Hii iko tofauti," akasema. "Hii ni ya Amerika kabisa, ya zamani. Angalia vile iko."

Niliangalia. Niliona kutu, mafuta yaliyoganda, na herufi nene zilizotokeza ubavuni zikitaja mji wa Marekani ambao sisi wawili hatukujua uko upande gani. Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyegoma. Mbili nyingine zilikuwa zimeshalala chini ya dirisha letu, zimefunikwa nailoni. Wakongo wenzetu wa kanisani, ambao walikaa Durban huku sikio lao moja likisubiri simu ya kuhamishiwa Kanada, walinunua vitu vya kuingia kwenye sanduku. Mume wangu alinunua vitu vya kuinuliwa na wanaume watatu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa fundi wa magari asiyeingia chini ya gari.

Injini aliijua, tena sana, mradi awe amesimama. Lakini mwambie alale chini ya gari, hata kama limewekwa juu ya stendi nne za chuma, mikono ilimfa ganzi na midomo ikabadilika rangi. Gereji mbili zilikuwa zimeshamwachisha kazi kwa sababu hiyo. Ya tatu, ya kule Mobeni, ilikuwa imemwambia aanze Jumatatu. Nilijua akishindwa na hapo hatajaribu tena. Atavaa fulana ya kung'aa asimame mbele ya maduka kulinda magari ya watu, kama wanaume wengi tuliowafahamu. Si kazi ya aibu, wengi wamesomesha watoto kwayo. Lakini yeye angekuwa anasimama siku nzima kando ya magari asiyoruhusiwa kuyagusa, na mimi ningemtazama akinyauka. Sikuitaka hiyo picha hata kidogo.

Kisa chake nilikijua, au nilidhani nakijua. Kule kwetu Bukavu, siku vita vilipoingia mjini, alikuwa chini ya gari, jeki ikashuka, gari likamkalia bega. Bega lile mpaka leo liko chini kuliko lile jingine. Alisema jeki ilikuwa mbovu, basi. Kwa hiyo tulipofika Durban, akaanza kuzungukia karakana za Wazungu waliokuwa wanafunga biashara na kuhama, akitafuta jeki kuukuu za Kimarekani, nilielewa kwamba anatafuta moja ya kuiamini. Nilielewa, lakini kuvumilia ni jambo jingine.

Mimi kukaa mahali pamoja sikuumbiwa. Kwenye saluni nilisuka nikiwa nimesimama. Jumapili, saluni imefungwa, vidole vilikuwa vinasuka pindo la pazia bila mimi kujua. Tulikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba moja Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na ndani ya miezi michache nilikuwa nimehamisha kitanda kwenye kuta zote nne. Leo nataka tuhamie Cape Town, kesho nataka Johannesburg, keshokutwa nataka hata Cato Manor, hapa hapa Durban, alimradi ni mbali na zile nailoni chini ya dirisha. Upepo wa Durban nao haukunisaidia, unagonga mabati mchana kutwa kama mgeni asiyejua kubisha hodi mara moja.

Yeye alikuwa anakaa. Angeweza kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa tangu chai ya asubuhi, anafungua jeki nati moja moja, anasugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, anapanga vipande juu ya gazeti kwa mstari alioujua yeye. Nikipita na ufagio ananitazama mpaka nipite. Zile za zamani, aliniambia, ndani hazina mpira unaozuia oili isirudi nyuma. Zina kikombe kidogo cha ngozi. Ngozi hiyo ikikauka, jeki inashuka taratibu, na dukani hakuna aliyeuza kikombe hicho.

Ndipo akanituma kwa fundi viatu, Mtanzania wa Tanga aliyefanya kazi kwenye kibaraza cha duka Grey Street, nikamtafutie kipande cha ngozi nene ya soli. Nikampa kipimo, duara lililokatwa kwenye kartoni.

"Shemeji," akasema, akikigeuza kipimo, "nimeshona viatu miaka, mguu kama huu sijauona. Ni wa nani?"

"Wa mke mwenzangu," nikamjibu. "Amelala uani."

Alicheka mpaka akaangusha nyundo. Ngozi alinipa nzuri.

Mume wangu akailoweka, akaibana juu ya kibao alichokichonga mviringo, akaiacha ishike umbo. Halafu ikauke. Halafu ilowe ndani ya oili. Kusubiri huko kulinimaliza. Kila nikipita naibonyeza kwa kidole kuona kama iko tayari.

"Mama, acha. Ile si nywele ya watu."

"Kwani inaota mizizi?"

"Acha ikauke."

Ijumaa jeki ilikuwa nzima, imepakwa rangi nyekundu. Sijui kwa nini nilifurahi, lakini nilifurahi. Akaomba gari la mama mwenye nyumba, bibi mmoja Mhindi mjane ambaye gari lake lilitoka kwenda hekaluni na sokoni tu, akaliinua mbele. Kisha akakata fimbo ya kimo sawasawa na nafasi iliyo kati ya saruji na chuma cha gari. Likishuka hata kidogo, fimbo haitapita. Jumamosi asubuhi tukatoka wote wawili kabla ya chai. Fimbo ikapita.

Mama mwenye nyumba akaja na kikombe chake, akasema kwa kuwa gari liko juu, basi amtazamie kitu kinachodondosha oili pale chini. Akarudi ndani. Mume wangu akapiga magoti. Akainamisha kichwa, akamulika kwa tochi, na kichwa kikabaki nje ya gari. Nikangoja, mimi nisiyejua kungoja. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Nitaangalia lundi," akasema.

"Lundi ndiyo Jumatatu, papa, utakuwa Mobeni. Huko nako utawaambia utaangalia lundi?"

Akazima tochi.

"Jeki haijashuka. Umeona mwenyewe. Unataka ya nne?"

"Kriki haina shida," akasema.

Jeki tatu chini ya dirisha langu, ngozi, kutu kwenye mashuka, halafu jeki haina shida! Nilipaza sauti, na sikujali nani anasikia. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, akitazama ukuta:

"Kule Bukavu tulikuwa watu wane mu garage. Vita ikaingia, masasi ikaanza kulia. Kriki ikashuka, nikapiga kelele. Walinisikia, mama. Wote wakakimbia. Nilikuwa naona viatu yao inapita. Nikabaki pale mpaka jioni."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ni rahisi kusema kriki."

Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa, na nilikuwa sijaijua sehemu hiyo. Niliona uchungu, niliona na hasira, nyingi zaidi kwa wale watatu ambao sitawaona kamwe. Sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Nikavuta kartoni iliyokuwa ukutani, nikaitupa chini, nikafunga kitenge vizuri, nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino mpaka chini ya gari.

Ulikuwa upumbavu, na yeyote anayesoma hapa asithubutu. Stendi zilikuwa bado zimeegemea ukuta. Kilichokuwa kinalishikilia lile gari juu ya kifua changu ni kipande cha soli kutoka Grey Street.

"Mama! Uko nafanya nini? Toka!"

"Sitoki."

"Gari iko juu ya kriki tu!"

"Si umesema haina shida?"

Niliogopa. Chuma kilikuwa karibu na pua yangu, kinanuka oili na vumbi la kale, na tone moja likaniangukia shavuni. Niliona miguu yake ikienda kushoto, ikirudi kulia. Akatukana kwa Kifaransa, yeye asiyetukana. Halafu nikasikia stendi zinaburutwa, moja huku, moja kule, zinasukumwa mahali pake. Kisha miguu ikasimama.

"Kuya," nikamwita. "Kuya unitoe. Nimeshafika mimi, hautakuwa peke yako."

Nilidhani hatakuja. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria fulana ya kung'aa. Halafu niliona goti, kiwiko, na lile bega la chini, na mume wangu akaingia, macho amefumba, anapumua kwa nguvu mpaka kartoni inatikisika. Akalala ubavuni mwangu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi na umelowa. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikujitikisa.

Tone jingine likadondoka, safari hii kwenye paji lake. Akafumbua macho. Akalipangusa, akanusa kidole. Akauachia mkono wangu, wake ukapanda polepole, ukapapasa giabox, ukasimama kwenye nati moja.

"Iko imelegea tu," akasema. Sauti ilikuwa yake, ile ya siku zote. "Leta kle ya dix-sept."

Tukatazamana. Spana zote, na hiyo ya kumi na saba, zilikuwa chumbani, ndani ya sanduku, chini ya kitanda.

"Niende?"

Akakaza vidole juu ya nati.

"Enda."

Nikajikokota nje, kitenge kimejaa oili, na tangu nilipotoka sikufunga mdomo, ili anisikie nilipo. Nilimsimulia kwa sauti ya sokoni habari za mteja wangu anayelia kila nikigusa kichwa chake, za supu niliyoisahau motoni, za mtu anayejaza sanduku spana mpaka hakuna inayoonekana. Mama mwenye nyumba alitoa kichwa dirishani kuuliza nagombana na nani. Sikumjibu, nikaendelea, nikipekua sanduku. Mara moja tu pumzi iliniishia nikanyamaza, na kutoka chini ya gari nikamsikia:

"Sema tu, mama. Niko nasikia."