Siku Mama Kasoki Alipompaka Mzee Chokaa

Ukitaka kumjua Mama Kasoki, msikie kwanza akicheka. Mimi nimepanga chumba cha nyuma kwake Mount Druitt, huku Sydney, Australia, na sijawahi kuhitaji saa ya kuniamsha. Kazi yake ni kuwaogesha wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Akirudi, stori zao zote anazisimulia akiwa wima, viatu bado mguuni, sufuria ikiungua.

Kwao ni Butembo, Kongo. Alikimbia vita, akakaa kambini Uganda, halafu akaletwa huku na begi moja. Makaburi ya wazazi wake yalibaki kule. Wiki yake ya kwanza Sydney alishuka basi mahali sipo, akaingia uwanja wa kanisa la zamani la Waingereza kuuliza njia. Hakukuta mtu, alikuta misalaba ya mawe tu. Akaisalimia mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hao ni watu wake. Kuna Mlevi, yule aliyeinama. Kuna Madame, mwenye maua ya kuchongwa. Na kuna Mzee, mkubwa wa wote kwa umri, mfupi wa kimo, mkono mmoja umevunjika, kifuani kachorwa kamba zilizosokotana. Padri husema Mzee alisimama kwenye uwanja wa kanisa Uingereza zaidi ya miaka elfu kabla ya kupakiwa melini kuletwa huku. Mama Kasoki aliposikia hivyo akasema basi na huyu ni mkimbizi, akamfanya baba.

Mwaka huu akapata mchumba. Wekesa, dereva wa lori bandarini Port Botany, mjane, Mbukusu wa Bungoma, Kenya, mtu mpole ambaye akimwona Mama Kasoki anasahau alichokuwa anasema. Harusi ikapangwa Jumamosi, kanisa hilohilo. Shida ikaja na mjomba wa Wekesa, Mzee Wanyonyi. Alipiga simu kutoka Melbourne kuuliza ni nani atamkabidhi bibi harusi, maana wao hawachukui mwanamke kama mtu aliyeokota mzigo barabarani. Wasipomkuta mtu wa upande wake, wanarudi Melbourne na harusi ingoje. Mama Kasoki akamjibu kwamba baba yake yupo, waje tu.

Alhamisi akafanya kile kinachofanywa kwao kabla wakwe hawajafika. Kaburi la mkubwa linapakwa chokaa, wageni wasimkute mzee wa watu kachafuka. Alikoroga chokaa kwenye ndoo ya kudekia, akampaka Mzee kichwa mpaka miguu. Nilipofika kumchukua na gari, msalaba ulikuwa unang'aa kama jino jipya, na yeye anacheza kuuzunguka.

Hapo ndipo alipotokea Trevor. Huyu ndiye mtunza uwanja, babu wa Kiaustralia mwenye kofia pana, anayekataza hata njiwa wasitue kwenye misalaba. Aliangalia. Akavua kofia. Akakaa chini kwenye nyasi. Halafu akasema polepole kwamba jiwe hilo linalindwa na sheria, uwanja utafungwa, na Jumamosi hakuna harusi.

Mama Kasoki akaacha kucheza, akaweka ndoo chini. Kisha akapiga magoti mbele ya Trevor. Aliongea Kiingereza cha kubahatisha, lakini kwa Kiswahili chake maneno yangekuwa hivi:

"Papa Trevor, unisamehe. Wakwe wanakuya, na mimi sina mutu hapa. Baba yangu alibakia kule, hata kaburi yake sijui kama iko. Nilitaka huyu akuwe safi, asimame kwa ajili yangu."

Trevor akapangusa macho, akadai ni chokaa. Chokaa haikuwa imemfikia. Akampigia simu fundi wa mawe ya kale, na fundi akasema kama bado ni mbichi ioshwe sasa hivi, maji matupu, brashi laini, sabuni wasithubutu.

Basi kwaya nzima ya kina mama ikamiminika. Wekesa akaja mbio kutoka bandarini na koti lake la kazini la kumetameta, kabeba mfuko wa miswaki mipya. Tukamsugua Mzee kwa miswaki huku kina mama wakiimba nyimbo za harusi, na Trevor kapiga magoti anasugua ule mkono uliovunjika, anaitikia mahali ambapo hakuna kuitikia. Divine wa sauti ya kwanza akamwambia, "Papa, hiyo ni pumuzi, si wimbo." Jua linazama, jiwe limerudi kijivu. Padri akaruhusu harusi, kwa sharti kwamba Trevor asimame kando ya Mzee kutwa nzima kumlinda asipakwe tena na bibi harusi.

Jumamosi Mzee Wanyonyi akafika na wenzake, suti na fimbo, akauliza baba yuko wapi. Mama Kasoki akanyoosha kidole kwa Mzee wake wa jiwe. Wanyonyi akatazama, akaona mzungu kasimama wima kando ya jiwe, kakunja uso kama baba mkali. Akaenda moja kwa moja, akamshika Trevor mkono kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza:

"Mkwe, tumekuja kumuomba binti yako. Una neno kwetu?"

Nilidhani Trevor atakimbia. Alimtazama Mama Kasoki ndani ya gauni lake, kaziba mdomo kwa shada la maua. Akakohoa.

"Ni binti mzuri. Ila msimwachie ndoo ya chokaa."

Wazee wakajitenga, wakashauriana kwa Kibukusu, nyuso nzito. Wanyonyi akarudi kusema wamekubali sharti la ndoo, na Wekesa ataapa kulishika. Wekesa akaapa palepale, mkono juu. Trevor akampa Mama Kasoki kiwiko, wakaanza kwenda mlangoni. Padri akatoka mbio kumuuliza msalaba anamwachia nani.

Trevor hakugeuka hata. Alisema wakwe wapo.