Pasi ya Jogoo Katika Kijiji cha Walowezi

Saa nane na dakika kumi mchana umeme ulikatika eneo zima, na pasi ikapoa mkononi mwa binti wa dada yangu, bibi harusi mwenyewe, kabla hajanyoosha hata mkono mmoja wa gauni. Ndoa ilikuwa saa tisa. Mchungaji alikuwa na ndoa nyingine Pinetown jioni hiyo, na alikwisha kutuonya kwamba hatasubiri.

Tulikuwa katika kile kijiji kilichojengwa upya huko bara, ng'ambo ya Pinetown, kuonyesha jinsi walowezi wa zamani walivyoishi: kanisa la kuezekwa nyasi, karakana ya mhunzi, gari la kukokotwa na ng'ombe, duka lenye mitungi mitupu. Siku za wiki huja wanafunzi. Jumamosi hukodishwa kwa harusi. Gauni lilikuwa la marehemu dada yangu, la pamba nyeupe, lililosafiri ndani ya sanduku kutoka Kigoma hadi Durban. Njiani ndoo ya barafu ya soda ilimwagika kwenye buti la gari, na gauni likatoka limelowa na kukunjamana. Jenereta ya pale ilikuwa ya taa na maikrofoni tu. Haikuweza kubeba pasi.

"Mjomba, sivai lingine," bibi harusi alisema. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Nikatoka. Katika jiko la walowezi, juu ya meza, nyuma ya kamba, ilikaa pasi ya mkaa, na jogoo mdogo wa shaba mbele akishikilia mfuniko. Rafiki yangu, kama ulikulia kwetu, huhitaji kuelezwa zaidi.

Mtaani kwetu Kigoma pasi ilikuwa moja, ya jirani, nayo ilizunguka nyumba hadi nyumba kila Jumapili, ili Jumatatu twende shule tumenyooka. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa na kukata jani la mgomba. Bibi aliipitisha pasi juu ya jani. Jani likiwa jeusi papo hapo, aliiweka pasi kando. Likitoa jasho tu, na kunukia kama ndizi za kuchemsha, alianza kazi, akinyunyiza maji kwa vidole huku mkaa ukipasuka taratibu ndani. "Pasi haiunguzi nguo," alizoea kusema. "Haraka ndiyo inayounguza." Mtaa mzima uliamini kwamba hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

Gauni hili pia alilinyoosha yeye, asubuhi ya ndoa ya dada. Siku hiyo alinituma jani la pili, tena la mbali, kule mtoni. Sikuelewa kwa nini. La kwanza lilikuwa bado bichi.

"Eish, baba, hiyo haiguswi," mlinzi aliniambia. Akamwita msimamizi, naye akanieleza kwa upole kabisa kwamba kitu cha maonyesho kikivuka kamba, amana yetu ya ukumbi hairudi. Nikaichukua pasi.

Mkaa tulipewa na wachoma nyama, na mgomba ulikuwepo nyuma ya karakana. Jogoo aligoma, pini yake imeshika kutu, mpaka tulipompaka mafuta ya kupikia. Shangazi wa bwana harusi, Mkongomani, akapaza sauti: "Bamama, mukuye muone! Huyu papa anataka kuchoma bibi harusi mbele ya nyama!"

Wanawake wakacheka. Yeye akavua kitenge chake cha juu, akakitandika mezani. "Iko moto kweli, papa, ao unapiga pasi na maombi?"

"Shika jani, mama. Maombi ni ya mchungaji."

Jani la kwanza likawa jeusi. Nikaiweka pasi kando.

"Papa, pasta iko naangalia saa!"

Nikasubiri. Jani la pili likatoa jasho.

Nilianza na pindo, upande wa ndani, mahali ambapo kosa lisingeonekana. Pale palikuwa na alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi, imezungushiwa mishono midogo mno ya uzi mweupe. Mkono wangu ukasimama hewani.

"Umeunguza?" bibi harusi aliuliza.

"Si mimi. Ni bibi, siku mama yako alipoolewa."

Basi siku ile hata yeye alikuwa na haraka. Alihitaji muda wa kushona, na hakutaka shahidi. Akanituma mtoni.

Bibi harusi aliigusa alama kwa kidole, kisha akaniachia pindo. "Endelea, Mjomba. Polepole."

Aliingia kanisani saa tisa na dakika nne, akinukia mkaa kidogo, na ndizi. Mchungaji aliitazama saa yake, akafungua kitabu.

Pasi ilipopoa niliifuta majivu na kuirudisha nyuma ya kamba. Watoto wa wageni wakaniuliza huyo jogoo ni wa kazi gani. Ile ya jirani yetu iliuzwa chuma chakavu zamani. Nyumba ya bibi sasa ni duka la simu, na dada hayupo. Sikutegemea kuzikuta Jumapili zetu katika jiko la watu wengine, chini ya kibao cha usiguse.

Amana ilikuwa randi elfu tatu. Haikurudi.