Éliezer na Kisanduku cha Mtandao

Sikumpenda Éliezer tangu siku ya kwanza, na sitajifanya nilimpenda. Kazi ya kutunza mtandao katika kituo chetu hapa Baraka niliisubiri miaka miwili. Mimi ni mtoto wa hapa, nimebatizwa hapa, wajomba zangu wanavua hapa. Akateremka yeye kutoka milimani, kwao wafuga ng'ombe, na diploma yake ya Uvira, akapewa. Mimi nikaambiwa nimsaidie.

Na alikuwa anaudhi kwelikweli. Kisanduku chetu, kile kinachopokea mawimbi kutoka antena ya kilimani upande wa Nundu, ndani yake kina programu endeshi, Linux ndogo sana, isiyo na picha wala vitufe vya kubofya. Unaunganisha kompyuta, inatokea skrini nyeusi, unaandika amri. Mtu mwingine angeridhika na amri tatu. Éliezer alijaribu zote. Anaandika neno, kisanduku kinajibu kwamba hakilijui, analikata kwa wino mwekundu kwenye daftari la shule. Ping ipo. Top ipo. Vi ipo, lakini nano hakuna.

"Benye balitengeneza hii mashini balibana nafasi," alinieleza bila kuulizwa. "Tujue vile iko navyo mbele shida ifike."

Ananifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza! Nilimsikiliza huku nikimchukia, lakini nilimsikiliza.

Shida ilifika Jumatano. Wakubwa wa Baraka walikuwa ukumbini kwetu wakizungumza kwa video na wakubwa wa Bukavu kuhusu barabara ya Lulimba, ambayo kila mvua inameza malori. Katikati ya maneno picha ikaganda, ikakatika. Nusu saa baadaye uwanja ulikuwa umejaa watu. Nani ana neno la siri la kisanduku? Éliezer. Nani hataki barabara yetu? Watu wa milimani. Kesi ikaisha hapo, na ingawa ilikuwa kesi ya kijinga, ilinifurahisha.

"Arudi kwabo!" walipiga kelele.

Maman Adolphine, rais wa kamati ya kituo, akawanyamazisha. "Éliezer, kama ni weye njo ulikata, leo unatoka Baraka. Kama haiko weye, onesha."

Éliezer akaandika logread, amri inayoonyesha kila jambo lililotokea ndani ya kisanduku pamoja na saa yake. "Angalia, maman. Saa ine na dakika kumi, waya ya antena ilikosa courant, umeme, kule kilimani. Hapa hakuna mahali mi niliingia."

"Ameandika yeye mwenyewe!" sauti ikatoka nyuma.

Wakaamua kisanduku kichomolewe, kipelekwe kwenye komini, ofisi ya serikali ya mji, kuwa ushahidi, jinsi linavyopelekwa panga la mwizi. Hapo Éliezer akafunika waya kwa mikono yote miwili.

"Hapana, nabaomba! Musitoshe courant! Hii historia iko mu mémoire tu. Courant ikitoka, yote inapotea. Muache Bertin asome, yeye anajua."

Wote wakanigeukia. Maman Adolphine akauliza, "Bertin, ni kweli vile anasema?"

Ilikuwa kweli. Mistari nilikuwa nimeshaisoma nikiwa nyuma ya bega lake. Nilijua pia kwamba akiondoka, kazi ni yangu.

"Anadanganya, maman. Anaogopa tu."

Nikamsukuma, nikachomoa mwenyewe.

Ofisini tulikiwasha. Kumbukumbu ilianzia pale tulipokiwasha. Ya asubuhi hapakuwa na hata mstari mmoja. "Munaona? Alifuta," wakasema. Éliezer aliondoka siku hiyo hiyo na mke wake, Gaju, wamebeba godoro na sufuria. Hakunitukana. Aliniangalia tu, na mpaka leo namchukia kwa kutonitukana.

Sasa mtunza kituo ni mimi. Leo wakubwa walikuwa tena kwenye video, na saa tano picha ikakatika. Sikugusa kitu. Nimeandika logread na mstari uko mbele yangu: antena imekosa umeme. Uwanja umejaa. Mmoja ameshashika waya wa kisanduku, anasubiri aambiwe avute.

"Bertin," Maman Adolphine ananiuliza, "ni nani mwingine hapa Baraka anajua kusoma hii mashini, atuambie kama unasema kweli?"

Nimefungua mdomo kulitaja jina la Éliezer, na nimeufunga.